Kupunguza mabaki ya pete katika utengenezaji wa polima za silikoni

Mimina kilo 10 za D4, malighafi ya silikoni yenye umbo la pete, kwenye tangi, tia alkali kidogo, pasha moto hadi mnato uache kupanda. Utapata kilo 8.2 hadi 8.7 za polima, na kinachobaki, zaidi ya kilo moja, ni pete ndogondogo zilizoyeyuka humo humo. Ukiongeza kichocheo, mgawanyo hauhami. Ukisubiri hadi kesho yake, hauhami. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani malighafi ilikuwa chafu au mmenyuko haujaisha. Mmenyuko umekwisha kabisa, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Tuweke herufi sawa kwanza. Polima ya kawaida ya silikoni, polidimethilisiloksani, ni mnyororo wa atomi za silikoni na oksijeni zinazopokezana, kila silikoni ikiwa imebeba methili mbili. Kipande kimoja cha mnyororo huo huandikwa D. D3 ni pete ya vipande vitatu, D4 vinne, D5 vitano. Ncha ya mnyororo yenye methili tatu ni M, na kipande chenye methili moja, kinachotoa tawi, ni T.

Kwa nini pete hazimaliziki

Kichocheo, kiwe alkali au asidi, kina kazi moja: kukata kiungo cha silikoni na oksijeni na kukiunga upya. Hakibagui kiungo kilichomo ndani ya pete na kilichomo ndani ya mnyororo. Ncha hai ya mnyororo inaweza kushambulia D4, ikarefuka kwa vipande vinne. Inaweza pia kujikunja na kushambulia kiungo kilicho nyuma yake yenyewe, ikaachia pete na kufupika. Inaweza hata kushambulia mnyororo wa jirani. Hapo hakuna pete inayozaliwa, ila urefu wa minyororo unachanganyika, mirefu na mifupi pamoja.

D4 haina mkazo wa kutajika, kwa hiyo kuifungua karibu hakutoi joto. Kinachosukuma mmenyuko mbele ni uhuru: vipande vinajipinda na kujizungusha kwa namna nyingi zaidi ndani ya mnyororo mrefu kuliko ndani ya pete. Msukumo huo ni mdogo, na unakoma pale kasi ya pete kufunguka inapolingana na kasi ya pete kuzaliwa. Bila kiyeyushi, msawazo huo huacha asilimia 13 hadi 18 ya uzito kuwa pete, D4 ikiwa nyingi kuliko zote, ikifuatwa na D5 na D6.

Homer Jacobson na Walter Stockmayer walitoa nadharia ya jambo hili mwaka 1950, na tokeo lake moja lafaa kubandikwa ukutani kiwandani: kwenye msawazo, kinachokaa karibu palepale ni kiasi cha pete kwa kila lita ya mchanganyiko, si asilimia yake. Ukipunguza polima kwa kuongeza kiyeyushi hadi nusu ya ujazo, kiasi cha pete kwa lita kinabaki karibu kilekile huku siloksani kwa lita imepungua nusu, hivyo fungu la pete linakaribia kuongezeka mara mbili. Ukiendelea kuzimua hadi siloksani iwe karibu robo ya ujazo, polima ndefu inatoweka na kubaki pete tupu. Anayetia tolueni ili mchanganyiko ukorogeke kwa urahisi amenunua wepesi kwa bei ya pete.

Makundi yaliyobebwa na silikoni nayo yana neno. Yakiwa makubwa kuliko methili, mnyororo hukosa nafasi na pete hupendelewa zaidi. Kwenye silikoni yenye trifloropropili, msawazo huacha zaidi ya asilimia 80 ya uzito kuwa pete. Ndiyo sababu hakuna anayetengeneza mpira wa silikoni yenye florini kwa kungoja msawazo. Huanzwa na pete ya vipande vitatu na kusimamishwa mapema, kwa njia tutakayoiona.

Zamani pete zilizobaki zilikuwa kero ya ubora tu: zinatoa moshi kwenye joto, zinahama na kutua juu ya vioo na vifaa vya umeme, zinafanya mpira usinyae. Leo ni suala la sheria pia. Umoja wa Ulaya uliziweka D4, D5 na D6 kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa mwaka 2018, ukaweka kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito kwa D4 na D5 katika vipodozi vya kuosha kuanzia 31 Januari 2020, na kanuni ya mwaka 2024 ikapanua kikomo hicho, pamoja na D6, hadi bidhaa nyingine nyingi za walaji na za mafundi. Kutoka asilimia 13 hadi 0.1 ni safari ndefu.

Uchafu unaoingia kabla ya tangi

Malighafi hutoka kwenye mmenyuko uliogunduliwa na Eugene Rochow huko Marekani mwaka 1940 na, bila wao kuwasiliana, Richard Müller huko Ujerumani: unga wa elementi ya silikoni unakutana na gesi ya klorometani juu ya kichocheo cha shaba, karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kinachotakiwa ni dimethilidiklorosilani, inayochemka nyuzi 70. Lakini pamoja nayo hutoka methilitriklorosilani, inayochemka nyuzi 66, na trimethiliklorosilani, nyuzi 57. Tofauti ya nyuzi nne kati ya ile ya kwanza na ya pili ndiyo inayolazimu minara mirefu ya ukenekaji. Methilitriklorosilani ikipenya, kila molekuli yake inageuka T, na T chache tu kwenye mnyororo mrefu zinatosha kugeuza mafuta kuwa utomvu usiotiririka. Trimethiliklorosilani inafanya kinyume: inafunga ncha mapema na mnyororo unatoka mfupi.

Kisha silani hiyo inakutana na maji. Hapa zao la ziada ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri: moli moja ya dimethilidiklorosilani, gramu 129, inatoa gramu 74 za siloksani na gramu 73 za kloridi ya haidrojeni. Karibu kilo kwa kilo. Kiwanda kisichoirudisha asidi hiyo kinazalisha asidi karibu sawa na silikoni. Dawa iliyozoeleka ni kuimenyusha na methanoli ili irudi kuwa klorometani na kuanza mzunguko upya. Siloksani inayotoka ni mchanganyiko wa pete na minyororo mifupi yenye silanoli (silikoni iliyobeba haidroksili) kwenye ncha, na kila fungu lina njia yake ya kuwa polima.

Njia ya kwanza: fika kwenye msawazo, uue kichocheo, kamua pete

Njia hii ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni nafuu na hesabu yake haina fumbo, mradi pete zihesabiwe tangu mwanzo. Chukua mfano wa polima ya gramu 10,000 kwa moli, yenye M pande zote mbili. Kifungio cha ncha, heksamethilidisiloksani, kina gramu 162.4 kwa moli. Mtu asiyefikiri pete atatia moli moja ya kifungio kwa gramu 9,838 za D4. Asilimia 13 ya D4 ikibaki pete, polima halisi itatoka karibu gramu 8,700 kwa moli. Ili kupata 10,000 baada ya kukamua, gawanya 9,838 kwa 0.87: tia gramu 11,308.

Kifungio hicho kinachemka nyuzi 100. Ukikitia kwenye tangi lililokwisha kufika nyuzi 140, sehemu yake itapanda na mvuke kabla haijaingia kwenye mnyororo, na mnato utapita kipimo. Tumia kifungio kirefu zaidi, kwa mfano mnyororo mfupi wenye M mbili na D kumi, uliotengenezwa na kupimwa kando.

Maji ni kifungio cha siri. Molekuli moja ya maji inazaa mnyororo mmoja wenye silanoli pande mbili. Sehemu 100 kwa milioni za maji katika kilo 10 ni gramu moja, yaani moli 0.055. Kwa polima ya 10,000 hilo ni ongezeko la minyororo la asilimia 5.5, unaweza kulivumilia. Kwa polima ya 100,000, ambayo ina moli 0.1 tu za kifungio, maji yaleyale yanaishusha hadi karibu 64,000. Kausha D4 kwa kupitisha naitrojeni kavu kwenye nyuzi 100 na zaidi kidogo, ukitoa mvuke wa kwanza nje, kabla ya kichocheo kuingia.

Kuhusu kichocheo, potasiamu haidroksidi hutiwa ikiwa imekwisha kugeuzwa silanoleti, yaani chumvi ya silanoli, ili iyeyuke vizuri, kwa makumi ya sehemu kwa milioni, kwenye nyuzi 140 hadi 160. Kwa alkali, ukali hupanda kutoka lithiamu hadi sodiamu, potasiamu na sesiamu. Tetramethiliamonia inalingana na sesiamu kwa kasi na ina sifa moja ambayo kwa maoni yetu inaifanya chaguo bora kwa wengi: inafanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 110, na ikipashwa hadi 150 inajivunja yenyewe. Gharama yake ni harufu ya trimethiliamini, ile ya samaki aliyeoza, ambayo lazima itolewe kwa naitrojeni na ombwe. Ukiacha pembe ya tangi isiyofika nyuzi 150, kichocheo kitaishi humo na kuendelea kufanya kazi hadi kwenye pipa la mteja.

Kama kuna viungo vya silikoni na haidrojeni kwenye mchanganyiko, sahau alkali kabisa. Itavikata na kutoa gesi ya haidrojeni. Hapo tumia asidi. Udongo ulioamilishwa kwa asidi, asilimia moja hadi tatu ya uzito kwenye nyuzi 60 hadi 90, unachujwa baadaye na hauachi chumvi. Asidi ya trifloromethanisulfoniki ni ya haraka zaidi, lakini inabidi izimwe kwa besi, mfano magnesiamu oksidi, halafu ichujwe.

Sasa hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Kukamua pete kunafanywa kwa joto na ombwe: nyuzi 160 hadi 200, chini ya milibari 10. Kama kichocheo bado ki hai, kila D4 inayoondoka inavuruga msawazo, na minyororo inazaa D4 nyingine kuziba pengo. Mwendeshaji anaona mvuke ukitoka saa baada ya saa na kufurahi, kumbe anaikeneka polima yake yenyewe irudi kuwa malighafi. Hata mabaki madogo ya potasiamu yanatosha kwa uharibifu huo, ndiyo maana kuzima kichocheo lazima kutangulie ombwe, na kuthibitishwe, si kudhaniwa.

Kuzima kwenyewe kuna mtego wa pande mbili. Asidi pungufu inaacha alkali hai. Asidi iliyozidi ni kichocheo kipya. Gramu 0.3 za potasiamu haidroksidi, yaani sehemu 30 kwa milioni katika kilo 10, ni milimoli 5.3, na asidi ya fosforiki inayohitajika ni nusu gramu tu, kiasi ambacho mkono ukiteleza kinazidi maradufu. Kwa hiyo wengi hutumia fosfati ya silili, ambayo inayeyuka ndani ya siloksani, haileti maji, na ikizidi kidogo haileti ukali mkubwa. Kaboni dioksidi inatosha kwa polima itakayotumika kwenye joto la kawaida, lakini hatuipendekezi kwa kitakachokwenda kwenye ombwe la nyuzi 180.

Kipimo rahisi cha kujua kama kichocheo kimekufa hakihitaji zaidi ya mizani na oveni. Tandaza gramu moja hadi mbili za sampuli kwenye kisahani cha alumini, weka nyuzi 150, pima uzito baada ya saa 1, 3 na 5. Kichocheo kikiwa kimekufa, upotevu wa uzito unapanda haraka kisha unatulia. Uzito ukiendelea kushuka kwa mwendo uleule bila kutulia, kuna kitu hai ndani, rudi ukazime.

Umbo la chombo cha kukamulia lina uzito kuliko ukali wa ombwe. Pete inapaswa kusafiri ndani ya kimiminika kizito hadi ifike usoni, na kwenye tangi refu safari hiyo haiishi. Kivukizi cha tabaka jembamba chenye vifagio hufanya kwa dakika kazi ambayo tangi haliimalizi kwa saa. Naitrojeni kidogo ikipulizwa kutoka chini husaidia. Hewa haifai, kwani juu ya nyuzi 150 oksijeni huanza kushambulia methili na kuzaa formaldehidi. D4, D5 na D6 zinachemka nyuzi 175, 210 na 245 kwenye shinikizo la kawaida, kwa hiyo hutoka vizuri. Pete kubwa za vipande zaidi ya kumi hubaki, na kwa matumizi mengi hazina madhara.

Pete zilizokamuliwa si taka. Zinarudi kwenye tangi linalofuata kama malighafi, ila zina vifungio vifupi ndani yake. Zipime kabla ya kuzirudisha na uzitoe kwenye hesabu ya kifungio, la sivyo kila mzunguko utatoa polima fupi kuliko uliotangulia.

Njia ya pili: simama kabla msawazo haujafika

D3, tofauti na D4, ina mkazo. Pete yake ya vipande vitatu imebanwa, kwa hiyo inafunguka haraka na kwa kutoa joto. Ukichagua kichocheo kilicho mpole kiasi cha kufungua D3 lakini kisiguse viungo vya mnyororo, polima inakua na pete mpya haziwahi kuzaliwa. Lithiamu ndiyo inayofaa, ile iliyo dhaifu kuliko alkali nyingine zote.

Kwa gramu 100 za D3 na lengo la gramu 10,000 kwa moli, usitie moli 0.01 za butililithiamu ukasubiri D3 iishe. Panga kusimama D3 ikiwa imetumika kwa asilimia 90, maana yake gramu 90 zigawanywe kwa 10,000: moli 0.009, au mililita 5.6 za myeyusho wa moli 1.6 kwa lita. Anza kwenye sikloheksani kavu, chini ya naitrojeni. Bila msaada, butililithiamu inafungua D3 na kuishia kwenye silanoleti fupi, haiendelei, na hilo ni jema: kila mnyororo unaanza kwenye mstari mmoja. Kisha ongeza tetrahaidrofurani kavu. Ayoni ya lithiamu inalegezwa na minyororo yote inaanza kukua pamoja.

Asilimia 10 za mwisho ndizo zenye hatari. D3 inapopungua, ncha hai zinakosa cha kula na kugeukia viungo vya minyororo. Upana wa mgawanyo wa urefu unaongezeka, D4 inaanza kuonekana. Simamisha kwa klorosilani iliyozidi ncha kwa asilimia 10 hivi: kwa mfano wetu, moli 0.0099 za trimethiliklorosilani ni gramu 1.08. Ukitaka ncha zenye vinili kwa kazi ya baadaye ya kuunganisha kwa kichocheo cha platini, tumia vinilidimethiliklorosilani. Kloridi ya lithiamu inayozaliwa, karibu gramu 0.4, inaoshwa kwa maji. D3 iliyobaki hutoka kwa urahisi kwenye ombwe, ila huganda nyuzi 64, hivyo bomba la kupozea likiwekwa baridi mno litaziba.

Butililithiamu inawaka yenyewe ikikutana na hewa, na D3 ni ghali kuliko D4. Njia hii ni ya polima za bei, si ya mafuta ya kulainishia milango.

Njia ya tatu: unga ncha bila kugusa uti

Minyororo mifupi yenye silanoli inaweza kuunganishwa ncha kwa ncha, zao pekee likiwa maji. Kinachohitajika ni kichocheo kinachounga silanoli haraka na kukata uti wa mnyororo polepole. Kloridi za fosfonitrili zina sifa hiyo: sehemu chache hadi makumi kwa milioni, chini ya ombwe linalotoa maji, na mnato unapanda kwa dakika. Kuna sharti moja: minyororo mifupi ikamuliwe pete zake kabla, kwa sababu kichocheo hiki hakiondoi pete zilizokuwemo, hakiongezi nyingi tu. Zima kwa amini mara mnato unapofika; ukichelewa, ukataji wa uti unapata nafasi yake na faida yote inapotea.

Kuna pia mmenyuko wa Piers na Rubinsztajn, ambapo kiungo cha silikoni na haidrojeni kinakutana na kundi la methoksi juu ya boroni yenye fenili za florini, vikatoa siloksani na gesi ya methani. Ni mzuri kwa miundo iliyopangwa kipande kwa kipande. Lakini moli moja ya dimethilidimethoksisilani inatoa lita 48 hivi za methani, mara nyingi baada ya kimya cha mwanzo kinachomdanganya mtu aongeze kichocheo. Tia malighafi moja kidogokidogo, usiwahi kuzichanganya zote kwanza. Makundi ya haidrojeni na methoksi yanaweza pia kubadilishana nafasi, hivyo mpangilio mkamilifu unatarajiwa kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye chupa.

Kupima bila kujidanganya

Kipimo cha NMR (mwangwi wa sumaku wa kiini) cha silikoni 29, kinachosomwa kwa sehemu kwa milioni, kinatenga D3 (karibu −9) na D4 (−19.5) kutoka kwenye mnyororo (−22), lakini D5 inaangukia karibu palepale na mnyororo, kwa hiyo hakitoshi peke yake. Kromatografia ya gesi inafika viwango vya chini, ila safu nyingi za kromatografia zimepakwa siloksani ndani, na zikipashwa sana hutoa D3 na D4 zao zenyewe. Pitisha kiyeyushi kitupu kwanza, uone kelele ya mashine ni kiasi gani. Sampuli yenye alkali hai nayo huzaa D4 ndani ya mdomo wa kuingizia wenye nyuzi 250. Izime sampuli kwa fosfati ya silili kabla ya kuichoma sindano, kisha rudia kwa joto la chini la mdomo. Namba ya D4 ikishuka na joto, ulikuwa unapima mashine, si polima.